Mlango, Saa na Bawabu

Kwetu sisi mgeni hupiga hodi. Hupiga mara ya kwanza, ya pili na ya tatu; akiitikiwa "karibu" huingia, na asipoitikiwa huondoka bila kinyongo, akijua kuwa wenyewe hawapo au hawana nafasi. Hatumwulizi kwa nini amekuja saa nne na si saa tano. Saa ya mgeni ni ile aliyofika.

Lakini ziko nyumba duniani ambazo hodi yake hupigwa wiki nyingi kabla ya safari, na jibu la hodi hiyo huja likiwa na siku, saa na dakika. Nyumba hizo ni majumba makubwa ya sanaa ya Ulaya. Atakaye kuziona picha za Vincent van Gogh mjini Amsterdam hawezi kufika tu mlangoni na kutoa fedha mfukoni; tiketi za jumba hilo huuzwa kwa njia ya mtandao, na kila tiketi ina saa yake ya kuingilia. Atakaye kuuona ukuta wa Milan ambapo Leonardo da Vinci alichora Karamu ya Mwisho hupewa robo saa tu, kisha hutoka ili kundi jingine liingie. Katika jumba la Borghese mjini Roma mgeni hupewa saa mbili, na zikiisha hutolewa pamoja na wenzake wote.

Watu wengi hudhani kwamba tiketi hizi za saa ni zao la kompyuta, au ni masalia ya janga la korona la mwaka 2020. La hasha! Tiketi ya saa ina umri wa zaidi ya miaka 260. Ilizaliwa, ikazikwa, kisha ikafufuka. Na kila mara ilipobadilika, kilichobadilika hasa ni swali ambalo bawabu alimwuliza mtu aliyesimama mlangoni. Ndugu msomaji, nataka tulifuatilie swali hilo, kwa kuwa naona kwamba linatuhusu hata sisi tulio mbali.

Tuanzie London. Mwezi Januari mwaka 1753 alifariki daktari tajiri aitwaye Sir Hans Sloane. Katika maisha yake alikuwa amekusanya vitu zaidi ya 71,000: vitabu, sarafu, mimea iliyokaushwa, mawe, na vitu vya kila aina kutoka pande nyingi za dunia. Sehemu ya utajiri wake ilitokana na mashamba ya miwa ya Jamaica, ambayo yalimfikia kwa njia ya ndoa na ambayo yalilimwa na watumwa Waafrika. Aliacha wasia kwamba taifa linunue mkusanyo wake kwa pauni 20,000, wapewe warithi wake. Bunge lilikubali mwaka uleule, na fedha za kazi hiyo zikapatikana kwa kuendesha bahati nasibu ya umma. Likanunuliwa jumba lililoitwa Montagu House, na tarehe 15 Januari 1759 Makumbusho ya Uingereza ikafungua milango yake, bure kabisa, kwa watu wote wenye hamu ya kusoma na kujua.

Maneno hayo yalikuwa mazuri. Utaratibu wake ulikuwa mwingine. Kwanza, mtu alikwenda kwa bawabu akaandikisha jina lake, mahali anapoishi na hali yake ya maisha, yaani kama ni bwana mwenye cheo, ni mwanazuoni, au ni nani. Orodha hiyo ilipelekwa kwa mkuu wa makumbusho, naye ndiye aliyeamua nani anafaa. Aliyekubaliwa alirudi siku nyingine kuchukua tiketi yake, ambayo ilitaja siku na saa. Kisha akarudi mara ya tatu kuingia. Tiketi zilizotolewa kwa kila saa hazikuzidi 10, na walioingia waliongozwa kwa makundi madogo kutoka chumba hadi chumba, bila ruhusa ya kuzurura. Hapo ndipo naiona tiketi ya saa ikizaliwa, na hodi zake zilikuwa tatu kamili. Ila baina ya hodi ya kwanza na ya mwisho ziliweza kupita wiki nyingi, hata miezi.

Kwa nini wakafanya hivyo? Nyumba haikuwa na msongamano wa kutisha wakati ule. Jibu ni kwamba waliwaogopa watu. Mmoja wa wadhamini wa kwanza, John Ward, aliandika wazi kwamba haifai kuwafungulia mlango watu wa tabaka la chini, kwa kuwa watafanya fujo na watumishi hawataweza kuwazuia. Kwa hiyo saa iliyoandikwa kwenye tiketi ilikuwa pazia tu. Nyuma ya pazia hilo bawabu alikuwa akiuliza: wewe ni nani?

Tunajua jinsi pazia hilo lilivyoonekana kwa mtu aliyekuwa upande wa nje, kwa sababu mmoja wao aliandika. Jina lake William Hutton. Alizaliwa katika umaskini mwaka 1723, na alipokuwa na umri wa miaka saba tayari alikuwa kibarua katika kiwanda cha hariri cha Derby. Baadaye alijifundisha kufunga vitabu, akawa muuza vitabu na karatasi mjini Birmingham, akatajirika, akaandika hata historia ya mji wake. Mtu kama huyo ndiye hasa aliyekuwa na hamu ya kusoma na kujua. Mwezi Desemba 1784 alikwenda London na shabaha yake kuu mojawapo ilikuwa kuingia katika makumbusho ile. Hakuwa na muda wa kuzipiga hodi zote tatu, basi akamtafuta mtu mwenye tiketi akainunua kwa shilingi zisizofika mbili. Naam, walanguzi wa tiketi walikuwapo hata enzi hizo, ingawa tiketi yenyewe ilitolewa bure!

Hutton aliingia pamoja na watu wapatao 10 wasiojuana. Kiongozi wao alitembea kwa haraka, na Hutton alipothubutu kuuliza habari za vitu anavyoviona, alijibiwa kwa ukali kwamba haiwezekani kuelezwa kila kitu, na kwamba majina yamekwisha kuandikwa juu ya vingi kati ya vitu hivyo. Akanyamaza, na wenzake wakanyamaza. Katika muda wa kama nusu saa hivi walikuwa wamelipitia jumba lote na wako nje tena. Mwaka 1785 alichapisha kitabu cha safari yake, na humo akaeleza masikitiko ya mtu aliyepelekwa mbele ya hazina bila kupewa nafasi ya kuitazama.

Naamini malalamiko kama yale yalisaidia. Kufikia mwaka 1810 utaratibu wa tiketi ulikuwa umeondolewa: siku tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, mtu yeyote mwenye mavazi ya heshima aliweza kuingia na kutembea atakavyo. Bado palikuwa na sharti la mavazi, lakini orodha ya majina ilikwisha.

Ng'ambo ya bahari nyembamba, Wafaransa walikuwa wameufungua mlango wao kwa kishindo zaidi. Tarehe 10 Agosti 1793, mwaka mmoja kamili tangu ufalme uangushwe, jumba la wafalme la Louvre mjini Paris lilifunguliwa kuwa makumbusho ya taifa. Picha zilizokuwa mali ya mfalme zikawa mali ya wananchi. Katika kila siku 10 za kalenda mpya ya mapinduzi, siku 3 zilitengwa kwa umma kuingia bure, na siku nyingi za zilizobaki walipewa wachoraji ili wajifunze. Hakuna aliyeulizwa cheo chake, kwa sababu vyeo vyenyewe vilikuwa vimefutwa. Hali ya kuingia bila kulipa ilidumu hapo Louvre hadi mwaka 1922, kiingilio kilipoanzishwa.

Hivyo basi karne ya 19 ndiyo iliyoizika tiketi ya saa. Kilichoifufua si hofu ya maskini, bali ni kufanikiwa kwa wazo lenyewe la kuwafungulia watu mlango. Watu walialikwa, nao wakaja.

Dalili za kwanza zilikuwa za ajabu. Tarehe 21 Agosti 1911 fundi mmoja Mtaliano, Vincenzo Peruggia, aliiba picha ya Mona Lisa kutoka Louvre. Ilipatikana mjini Florence miaka miwili baadaye. Katika muda ambao picha haikuwapo, watu walipanga foleni kwenda kutazama ukuta mtupu ilipokuwa imetundikwa! Mwaka 1963 picha hiyohiyo ilipelekwa Marekani, ikaonyeshwa Washington na New York, na zaidi ya watu milioni 1 na nusu walipita mbele yake. Mwaka 1974 ilikwenda Tokyo, na idadi ikakaribia hiyohiyo. Katikati ya safari hizo, mwaka 1972, London ilionyesha hazina za Tutankhamun, mfalme kijana wa Misri, kuadhimisha miaka 50 tangu kaburi lake ligunduliwe. Zaidi ya watu milioni 1.6 waliingia, katika jumba lilelile ambalo zamani lilitoa tiketi 10 kwa saa, na foleni ikaizunguka nyumba kwa saa nyingi. Mapato yalikwenda kusaidia kuyaokoa mahekalu ya Philae yasizamishwe na maji ya mto Nile.

Foleni ina haki ya aina yake. Anayewahi ndiye anayeingia, awe tajiri au fukara. Lakini foleni pia ina ukatili wake: mzee hawezi kusimama saa sita, mama mwenye mtoto mchanga hawezi, na mfanyakazi wa kutwa anayelipwa kwa siku hupoteza mshahara wake akiwa amesimama. Tena foleni huishia mlangoni tu. Ndani ya chumba watu hubanana mabega, na anayetaka kutazama huona visogo vya wenzake.

Hapo ndipo wenye majumba walipoikumbuka saa. Washington, Novemba 1995 hadi Februari 1996, ilionyesha picha 21 za Johannes Vermeer, Mholanzi ambaye picha zake zinazojulikana duniani hazifiki 40. Vibali vya kuingia vilitolewa bure, kila kimoja na saa yake, na watu walivipangia foleni alfajiri katika baridi kali. Isitoshe, mgogoro wa bajeti ya serikali na dhoruba ya theluji vililifunga jumba kwa siku kadhaa. Mwaka 1998 jumba hilohilo lilionyesha picha 70 za Van Gogh, na vibali vyake vya bure vikauzwa barabarani na walanguzi, kama vile mtu wa London alivyomuuzia Hutton. Mwaka 1999, katika maonyesho ya picha za Claude Monet mjini London, watu walizidi 800,000, na mwishoni mwa wiki ya mwisho ilibidi milango iachwe wazi usiku kucha.

Hesabu ya tiketi hizi si ngumu. Tuchukue mfano: kumbi zinaweza kubeba watu 900 bila kubanana, na kila mmoja hukaa kwa wastani saa moja na nusu. Saa moja na nusu ina robo saa sita. Gawa 900 kwa sita, utapata 150. Basi kila robo saa wanaingizwa watu 150, na wakati huo wengine kama hao huwa wanatoka. Nyumba hubaki imejaa bila kufurika. Hii ndiyo siri yote, na mwenye duka la kusaga nafaka anaijua: ukimimina mahindi mengi kwa mara moja mashine husimama, ukimimina kidogo kidogo husaga mchana kutwa.

Mahali pengine saa si kwa ajili ya starehe ya watazamaji bali kwa ajili ya uhai wa kazi yenyewe. Leonardo aliichora Karamu ya Mwisho kati ya miaka ya 1495 na 1498 katika chumba cha kulia cha watawa, Milan. Hakupaka rangi juu ya lipu mbichi kama ilivyokuwa desturi, ambayo hunywa rangi na kukauka nayo. Alipaka juu ya ukuta mkavu ili apate kufanya kazi polepole. Rangi ikaanza kubanduka angali hai. Mwaka 1943 bomu liliangukia jengo hilo, na ukuta ukanusurika kwa kukingwa na magunia ya mchanga. Kazi ya mwisho ya kuuokoa, iliyoongozwa na mama Pinin Brambilla Barcilon, ilichukua zaidi ya miaka 20 ikamalizika mwaka 1999. Tangu hapo wageni huingia kwa makundi madogo, wakipitia milango inayofungwa nyuma yao ili vumbi libaki nje, kwa dakika 15. Pumzi ya binadamu ina unyevunyevu, na nguo zake zina vumbi. Hapa bawabu haulizi wewe ni nani. Anasema tu: mpo wengi, na ukuta huu ni dhaifu, basi pokezaneni. Mimi sioni namna ya kumlaumu bawabu wa namna hiyo.

Nimewahi kuishika tiketi ya saa mkononi mwangu. Miaka michache kabla ya korona nilikwenda kumtembelea binti yangu, ambaye ni muuguzi Uholanzi, naye akanikatia tiketi ya jumba la Van Gogh. Tiketi iliandikwa 10:15. Kwa kuwa alikuwa anakwenda kazini na mimi nilikuwa nakwenda peke yangu, alichukua kalamu akaandika chini yake kwa herufi kubwa: "Baba, ni SAA NNE NA ROBO asubuhi." Tulicheka sote wawili. Sisi huhesabu saa tangu kupambazuka, wao huhesabu tangu usiku wa manane, na tiketi haina huruma na tofauti hiyo.

Saa nne na robo niliingia, na kwa kuwa tiketi ya jumba lile hupanga saa ya kuingia tu wala si ya kutoka, hakuna aliyeniharakisha. Nilikaa muda mrefu mbele ya picha ya mwaka 1885 iitwayo Wala Viazi. Ni familia ya wakulima, watu watano, wamezunguka meza chini ya taa moja hafifu, wanakula viazi. Mikono yao imekakamaa. Mwenyewe Van Gogh alimweleza ndugu yake kwamba alitaka ionekane kuwa mikono ile inayotia chakula mdomoni ndiyo iliyochimba ardhi. Mimi nimezaliwa na wakulima, na mikono ile naijua. Nikiwa nimesimama pale nilijiuliza jambo moja: watu hawa watano, kama wangefufuka leo, wangeweza kununua tiketi ya kuja kujiona? Na mchoraji mwenyewe, aliyekufa mwaka 1890 akiwa ameuza picha chache mno na akilishwa na nduguye, angeweza?

Sikusema hivyo kwa kuwakebehi wenye jumba. Kuwasha taa, kulinda na kutunza picha kuna gharama. Lakini swali lile halijaniacha, na yaliyotokea tangu hapo yameliongezea uzito.

Mwaka 2020 korona ilifunga majumba yote, na yalipofunguliwa tena yalifunguliwa kwa tiketi za saa. Hata baada ya ugonjwa kupungua, mengi yaliendelea na utaratibu huo, kwa kuwa yameonja utulivu wake. Mwaka 2023 jumba la taifa la Uholanzi, Rijksmuseum, lilikusanya picha 28 za Vermeer, nyingi kuliko zilivyowahi kuwekwa pamoja. Siku chache tu baada ya ufunguzi tiketi zote zilikuwa zimekwisha. Nyingine zilipoongezwa, mtandao ulizidiwa na wingi wa watu. Waliofanikiwa kuingia walikuwa 650,000, na wengi waliokosa walikosa kwa sababu hawakuwa mbele ya kompyuta dakika ile tiketi zilipotolewa. Foleni ya zamani ilihitaji miguu. Foleni mpya inahitaji mtandao wenye kasi, kadi ya benki, na mtu wa kukuambia kwamba leo ndiyo siku.

Kwa mtu wa Tanga au wa Kisumu iko foleni nyingine kabla ya hiyo. Kuingia Ufaransa au Uholanzi kunahitaji viza, na viza nayo ina miadi yake ya siku na saa, pamoja na barua ya mwajiri, taarifa ya benki na ushahidi kwamba utarudi nyumbani. Tiketi nyingi za namna hii hazirudishiwi fedha. Basi uikate kabla ya viza, ukanyimwa viza na kupoteza fedha. Au uikate baada ya viza, ukute siku zako zote zimejaa. Wewe ni nani, unakaa wapi, hali yako ya maisha ni ipi? Maswali yale ya mwaka 1759 hayakufa. Yamehamia tu mlango wa mbele zaidi.

Sasa yameanza kurudi hata katika mlango wa makumbusho. Louvre ilipandisha kiingilio mwaka 2024 kutoka yuro 17 hadi 22. Mwaka 2025 bodi yake ikaamua kwamba kuanzia Januari 2026 wageni wanaotoka nje ya eneo la uchumi la Ulaya walipe yuro 32, na wa Ulaya wabaki na bei yao. Fedha hizo, wamesema, ni za kulikarabati jumba, ambalo kwa kweli limechakaa na linabeba watu wengi mno kila mwaka.

Msomaji mwenye haki ataniuliza: mbona sisi tunafanya vilevile? Ni kweli. Nenda Fort Jesus, Mombasa, au katika mbuga zetu za wanyama, utakuta mwananchi analipa kidogo na mgeni analipa zaidi, na sijapata kusikia Mkenya au Mtanzania akilipinga jambo hilo. Nimelitafakari sana na naona mambo haya mawili hayafanani. Mwananchi wa Mombasa analipa kidogo kuona ngome iliyojengwa juu ya mwamba wa mji wake. Hatujachukua ngome ya mtu tukaileta hapa, kisha tukamtoza zaidi anapokuja kuitazama. Louvre ina vitu vya Misri na vya nchi nyingi nyingine, na Mmisri anayekwenda kuitazama kazi ya mababu zake ni miongoni mwa watakaolipa ile bei ya juu.

Tena kuna neno walilolisema wenyewe. Mwezi Desemba 2002 majumba makubwa zaidi ya 15 ya Ulaya na Marekani, Louvre ikiwamo, yalitoa tamko la pamoja kujibu madai ya nchi zinazotaka kurudishiwa vitu vyao. Hoja yao ilikuwa kwamba makumbusho ya namna yao hayawatumikii raia wa taifa moja tu, bali watu wa mataifa yote, na kwa hiyo vitu vibaki huko. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Lakini aliyesema kuwa hazina hii ni ya mataifa yote, ili aendelee kuitunza, amejifunga kwa ulimi wake. Hawezi kuwa wa mataifa yote siku ya kuulizwa kuhusu mali, halafu awe wa Ulaya siku ya kuuza tiketi.

Ipo pia milango ambayo hakuna tiketi ya saa inayoifungua. Wapokomo wa Mto Tana, huko Kenya, walikuwa na ngoma kubwa takatifu iitwayo ngadji. Mwaka 1902 maofisa wa Kiingereza waliitwaa, na mwaka 1908 ikafika katika Makumbusho ya Uingereza. Iko humo hadi leo, stoo. Makumbusho hiyo hadi leo haitozi kiingilio cha kawaida, na ni jambo la kusifiwa. Mpokomo akifika London anaweza kuingia bure, akatembea kumbi zote mchana kutwa, na asiione ngadji. Akitaka kuona kitu kilichoko stoo sharti aandike mapema, ajieleze yeye ni nani na ana shabaha gani, kisha asubiri ajibiwe na apangiwe siku na saa. Ndugu msomaji, utaratibu huo tumekwisha kuusoma hapo juu. Ni ule wa mwaka 1759, na anayeupitia leo ni mjukuu wa waliokuwa na ngoma.

Kwa hiyo siipingi tiketi ya saa. Kugawana nafasi kwa zamu ni jambo la busara, na wazee wetu waligawana maji ya kisima kwa namna hiyo nyakati za kiangazi: leo nyumba hii, kesho ile. Kitu kizuri kikiwa kimoja na wanaokitaka wakiwa wengi, zamu ni haki kuliko mabavu, na ni haki kuliko foleni ya wenye miguu yenye nguvu. Lakini zamu ya kisimani ilikuwa haki kwa sababu kila nyumba ilikuwa nayo. Hakuna aliyeambiwa kwamba zamu yake ni ghali zaidi kwa kuwa anatoka ng'ambo ya mto, hasa ikiwa maji yenyewe yalianzia huko.

Hicho ndicho kipimo nilichokipata katika historia hii, nami nakiacha mikononi mwa vijana wetu wanaosafiri siku hizi kuliko sisi tulivyosafiri. Mkifika katika milango hiyo, au mkiibishia hodi kwa simu zenu mkiwa bado nyumbani, msikilizeni bawabu anauliza nini. Akiuliza "utakuja saa ngapi?" mjibuni kwa furaha, mfike mapema, na mzitumie dakika zenu kutazama badala ya kupiga picha. Akiuliza "wewe ni nani?", mjibuni pia, kwa adabu. Kisha nanyi mna haki ya kumwuliza yeye: na hivi vilivyomo ndani, ni vya nani?